Marehemu wa Cherehani ya Pili

Baba wa mwandishi maarufu wa tamthilia alikufa mara ya kwanza akiwa na miaka hamsini na minne, Jumanne moja saa nne asubuhi, huku akipiga pasi suruali ya mwalimu mkuu. Habari za kifo chake alizipata redioni. Mwanawe wa mwisho, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuitwa nguli na watu wasiomfahamu, aliulizwa na mtangazaji kuhusu utoto wake. Akashusha pumzi ndefu, akasema baba yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa, na kwamba pombe ndiyo iliyomwondoa. Marehemu akaweka pasi pembeni, akaikagua suruali kana kwamba imeungua, kisha akamgeukia binti yake aliyekuwa kwenye cherehani ya kwanza.

"Kwani mimi nakunywa?"

Binti yake mtaani walimwita Mkasi, na si kwa sababu ya kazi peke yake. Siku ile alicheka mpaka uzi ukamkatikia. Mzee naye alicheka. Pombe hakuwahi kuionja maishani, si kwa utakatifu, ila kwa sababu inatetemesha mikono, naye alikuwa na mishono ya kulinda. Wakakubaliana kwamba mtoto alibanwa na maswali, ulimi ukateleza, na yakaisha.

Hayakuisha. Kifo cha pili kilitoka gazetini, na safari hii tatizo lilikuwa ini. Cha tatu alianguka kwenye ngazi, katika nyumba ambayo haikuwa na ngazi. Kufikia kifo cha tano, marehemu alikuwa amejifunza kupiga watu, kuchoma madaftari ya mtoto kwa makaa ya pasi, na kumfungia mtoto stoo akilia kwa njaa. Stoo yenyewe Mkasi aliijua vizuri. Mlango wake haujawahi kufunga tangu nyumba ijengwe, na ndani ndiko yalikokaa maziwa. Mama yao, ambaye kweli alikufa, mahojiano yalimwongezea miaka mitano ya kuishi, maana alihitajika mtu wa kumlilia baba.

Mwisho wa yote ikaingia kwenye vitabu vya shule, ukurasa wa utangulizi, chini ya picha. Mwaka juzi alikuja binti mmoja wa sekondari kupunguziwa sare, na wakati anasubiri akawa anakariri kwa sauti: "Sababu nne za ukatili wa baba wa mwandishi." Ya nne ikamtoka kichwani. Mkatili mwenyewe, akiwa amepiga goti kumpimia pindo, alimkumbusha: "Wivu wa kipaji cha mtoto." Binti akamshukuru sana. Akafaulu, maana alirudi kusema.

Sasa mzee alikuwa na miaka themanini, na bado alishona kwenye cherehani ya pili, ile iliyotazama ukuta, kwa sababu dirisha lilikuwa upande wake wa kushoto na mwanga ulimwangukia vizuri. Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu. Mbele kulikuwa na meza ya kukatia iliyolika kona moja kwa miaka ya kugongwa na nyonga, nyuma kulikuwa na kioo na pazia, na juu, ukuta mzima, rafu ya madaftari ya vipimo. Baada ya mama kufa na mwana kuondoka nyumbani walihamia upande huu wa mji, hivyo majirani hawakumjua kwa ukoo wala kwa historia. Walimjua kwa jina la Fundi, na suruali zao zilikaa sawa, wakaridhika.

Simu ilikuja Jumatatu.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Umekosea namba?"

"Dada bwana!" Nguli akacheka kile kicheko chake cha jukwaani. Nyumbani yeye ni Kiraka, kwa sababu mama yao alimshonea nguo za kwanza kwa vipande vilivyobaki chini ya meza. Jina hilo halimo kwenye mahojiano hata moja. "Sikiliza. Kinaandikwa kitabu cha maisha yangu. Kitazinduliwa siku wanayofungua ule ukumbi mpya wa maonyesho. Dada, wanaupa jina langu. Ukutani, kwa herufi za chuma."

"Hongera."

"Sasa sura ya kwanza ni utoto na asili ya familia. Anakuja mtafiti Alhamisi. Binti mdogo tu wa chuo kikuu, mpole. Mweleze yale mambo ya utoto."

"Yapi? Yaliyotokea au ya redioni?"

"Usianze." Sauti ikashuka. "Na mzee mtoe kidogo siku hiyo. Mpeleke akapimwe macho."

"Macho yake mazima kuliko yako."

"Basi apimwe presha! Dada, nakuomba. Ukisema vingine nitaitwa mwongo nchi nzima. Jina wataling'oa kabla hawajalipigilia. Na mkinifanyia hivyo, hapo kwenu sitakanyaga tena."

"Kwani sasa unakanyaga?"

Ilikuwa miaka kumi na moja tangu akanyage mara ya mwisho. Mtu hawezi kumtembelea marehemu kwa gari kubwa mchana kweupe, watu watamwona. Kiraka alipiga simu mara tatu kwa mwaka, akaongea na dada yake, na mwishoni akauliza, "Mzee yupo?" kama anayeuliza umeme umerudi. Mkasi alimjibu yupo, naye akasema haya, msalimie. Na kila simu ilipoita, mzee aliacha kazi, akaja kusimama karibu na bega la binti yake, akijifanya anatafuta chaki. Hakuomba kuongea. Alisikiliza sauti tu, ikikatika anarudi kwenye cherehani.

Safari hii Mkasi alikata simu akiwa ameamua. Damu ilikuwa inamchemka. Alimwambia baba yake waziwazi: "Alhamisi nasema kila kitu. Nimechoka kushona na maiti."

"Husemi kitu," mzee akajibu.

"Baba, watu wataandika kitabu, kizito, chenye jalada gumu! Hicho kikitoka ndiyo basi, utakuwa mlevi mpiga watoto mpaka dunia iishe. Hutaki niseme?"

"Sitaki." Akachukua chaki ambayo muda wote ilikuwa mkononi mwake. "Akiitwa mwongo kwa ajili yangu, atanichukia kikweli. Sasa hivi angalau anapiga simu. Ukimwaga mtama, hata hiyo sauti sitaisikia. Nimebakiza miaka mingapi, mwanangu? Niache nife hivi hivi, nimeshazoea."

Mkasi akauma meno. Akasema basi, lakini kutoka hutoki, na hapo mzee akakubaliana naye, maana suruali sita za harusi zilikuwa zinachukuliwa Ijumaa. Ikapatikana njia ya katikati, ya kijinga kama njia nyingi za katikati. Yeye angekuwa fundi wa kuajiriwa. Angekaa kwenye cherehani yake, mgongo kwa wageni, na kufunga mdomo.

Alhamisi saa nne mtafiti akaingia na mkoba uliojaa karatasi, rekoda ndogo na sura ya mtu aliyekuja msibani. Akamsalimia mzee wa cherehani ya pili, "Shikamoo mzee," akaitikiwa "Marahaba mwanangu" bila mgongo kugeuka. Kisha akaangaza macho chumbani akitafuta ufukara, na Mkasi aliona wazi jinsi alivyovunjika moyo. Sakafu ilikuwa safi. Kulikuwa na feni.

"Hapa ndipo mlipokuwa mnalala wote sita?" akauliza kwa upole.

"Tulikuwa wanne. Na hapa ni dukani. Nyumbani tulikuwa na vyumba vinne."

"Vyumba vinne," mtafiti akarudia, kalamu ikisita. "Vidogo?"

Mkasi akamtazama baba yake mgongoni, akameza mate. "Vidogo," akasema. "Kimoja kilikuwa kidogo."

"Na njaa?"

"Ilikuwepo. Kabla ya kula."

Mtafiti akaandika. Mkasi akagundua kwamba anaweza kusema kweli tupu mchana kutwa na hakuna atakayeamini, kwa hiyo akaanza kujipumzisha. Aliulizwa kona aliyojificha nguli kusoma vitabu, akasema alisomea mezani, taa ikiwa upande wa kushoto kama baba alivyotaka. Aliulizwa kama watoto wenzake walimcheka, akasema sana, hasa alipoimba. Aliulizwa kipaji kilitoka wapi katika mazingira kama yale. Hapo mashine ya pili ikasimama, kisha ikaendelea.

"Hilo ndilo fumbo kubwa," mtafiti akasema, macho yakimng'aa. "Mimi nimeandika tasnifu ya kurasa mia moja na tisini juu ya mstari mmoja tu wa tamthilia yake ya kwanza. Mtu wa miaka ishirini na tatu anapata wapi sauti ya mjane? Sauti ya mwanajeshi aliyestaafu? Ni mateso tu, dada. Mateso ndiyo yaliyomfungulia masikio."

"Mateso," Mkasi akakubali.

Pengine wangefika salama mpaka kwaheri. Lakini mtafiti alipokuwa anafunga mkoba aliyaona majora ya vitambaa, akasema naye ana uzinduzi wa kuhudhuria na hana cha kuvaa. Kumwambia fundi wa miaka themanini maneno hayo ni kama kumwonyesha paka samaki. Mzee alikuwa ameshasimama, futi ya kupimia shingoni, kabla Mkasi hajapata la kusema.

"Simama hapa, mwanangu. Mikono juu kidogo. Mkasi, andika."

Mkasi akafungua daftari. Mzee akaanza kutaja: bega kumi na tano, kifua thelathini na sita, kiuno ishirini na tisa. Na mtafiti akaanza kuongea, kwa sababu wote huongea. Mtu akishazungushiwa futi hajui pa kutazama, mikono iko hewani, mgeni anamhemea shingoni, basi mdomo unafunguka wenyewe. "Kiunoni niachie nafasi, mzee," akasema. "Nikila vizuri mama anadhani nimepata mchumba."

"Andika hivyo," mzee akamwambia Mkasi.

"Aandike nini?" Mtafiti akageuza shingo. "Na jina langu?"

"Majina hayakai kichwani kwangu," mzee akasema, akishuka kupima urefu wa sketi. "Wala sura. Tangu ujana. Ukirudi wiki ijayo nitakutazama kama sijawahi kukuona. Lakini neno ulilosema ukiwa kwenye futi silisahau. Kwa hiyo pembeni ya vipimo tunaandika neno lako. Ukija kuchukua nguo, nitakuuliza ulisemaje siku ile, nawe utasema, na nguo itatoka."

Ilikuwa njia ya kazi ya ajabu, lakini ilifanya kazi miaka sitini bila gauni kwenda kwa asiyelishonewa. Mtafiti akalipenda jambo hilo. Akashusha mikono, akaomba kuona daftari, kisha akaomba kuona la zamani, na kabla Mkasi hajafika kwenye rafu alikuwa ameshavuta moja, la jalada la bluu lililopauka, akalifungua katikati.

Mkasi alimwona anasoma, anarudi juu, anasoma tena. Midomo ilikuwa inatembea. Kisha akasoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma barua ya hospitali.

"Kifua arobaini, kiuno thelathini na nane. 'Nguo ya msiba isinibane, fundi. Nataka nafasi ya kupumua nikimaliza kulia.'"



"Huu ni mstari wangu," mtafiti akasema. "Yaani wake. Ndio unaofungua tamthilia." Akapindua ukurasa. "Kiuno thelathini na mbili. 'Nishonee mifuko mirefu, mikono yangu haina kazi tena.' Huyu ni mwanajeshi! Yupo sehemu ya pili! Na huyu… 'Ukiona nimepungua wiki ijayo usiniulize, ndoa iko Jumamosi.' Bwana harusi!" Akaangalia mwaka ulioandikwa kwenye jalada, akapiga hesabu. Mwaka huo nguli alikuwa na miaka minne. Vifungo vyake mwenyewe alifungwa na dada yake. "Hati hii ni ya nani?"

Mkasi akafungua mdomo. Mzee akamwahi.

"Ya marehemu," akasema. "Baba yao."

Basi mtafiti akaketi kwenye stuli ya wateja, akawasha rekoda upya, na kumgeukia yule fundi wa kuajiriwa kwa heshima ambayo hajawahi kuipata mwajiri yeyote. "Mzee wangu, kumbe ulifanya naye kazi? Alikuwa mtu wa namna gani?"

Fursa kama hiyo hawaipati wengi. Binadamu wa kawaida husifiwa akiwa hayupo, na huyu aliombwa ajisifie mwenyewe kwenye rekoda ya chuo kikuu. Akakohoa. Akavuta kola.

"Alikuwa mtanashati," akasema.

"Baba yangu!" Mkasi akasema chini chini, lakini hakuna aliyemjali.

"Kola zake hakuna aliyeziweza mji mzima. Na alikuwa na subira."

"Alikuwa mlevi?"

"Wa chai."

"Lakini alimchomea mtoto madaftari?"

"Madaftari ndiyo hayo, yote yako juu. Mtoto aliyasoma mengi. Alianza kusoma kwa hayo, alipokuwa hafiki mezani." Mzee alikuwa anatabasamu sasa, amesahau kabisa kwamba amekufa. "Alikuwa anakuja kukaa chini ya meza, anawaigiza wateja, tunavunjika mbavu."

Mtafiti akasogea mbele. "Na alimpiga? Mzee, hili ni muhimu. Marehemu aliwahi kumpiga?"

Tabasamu likaondoka. Mkasi alisubiri ile hapana, nyepesi na ya haraka. Haikuja. Mzee alivua futi shingoni, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mara moja," akasema.

Mkasi akaacha kalamu. Alidhani anayajua yote ya nyumba ile, hata ya miaka aliyokuwa shule ya bweni.

"Mtoto alikuwa na miaka tisa," mzee akaendelea, akitazama sakafu. "Palikuwa na kwaya, watu ishirini na wanne, sare zote kwa mpigo. Vipimo vimeshachukuliwa. Mtoto akachana zile kurasa akaenda nazo shule, akagawia wenzake, kila mmoja aigize mtu wake. Hazikurudi. Marehemu akashona kwa kukisia. Siku ya kuchukua nguo, wale wa sauti nene mikono ilikuwa inaishia kwenye viwiko, na mama mmoja wa sauti nyembamba alikanyaga gauni lake akaangukia kioo. Wote ishirini na wanne walikuwa hapo dukani wanapiga kelele. Marehemu akamwita mtoto, akamzaba kofi mbele yao wote. Mtoto hakulia. Aliwatazama wale watu mmoja mmoja, akatoka." Akajipangusa kiganja kwenye suruali. "Hakumwomba radhi. Alidhani muda upo. Na miaka tisa ndiyo hiyo mtoto anayosema baba yake alikufa. Kwa hiyo sisi… kwa hiyo watu waliomfahamu marehemu wanaona ni haki. Mtoto hakudanganya sana."

Ndipo Mkasi akaelewa. Miaka ishirini na sita alidhani baba yake ni mpole kupita kiasi, au mjinga, na alimpenda na kumkasirikia kwa yote mawili. Kumbe mzee alikuwa anatumikia kifungo. Alikuwa amekaa ukutani pale, mgongo kwa watu, akitumikia kofi moja. Huruma ilimpanda Mkasi mpaka kooni, na kwa kuwa yeye ni Mkasi, ilipofika mdomoni ilikuwa imeshakuwa hasira.

"Sasa basi," akasema. "Dada yangu, marehemu ndiye huyo unayeongea naye. Huyu ni baba yetu. Hajawahi kufa hata siku moja."

"Mkasi!" mzee akapiga kelele.

Mtafiti aliangalia daftari, akaangalia mikono ya mzee, akaangalia kurasa zake zote za ufukara. Hakuonekana kushangaa sana. Alionekana kama mtu ambaye hesabu imemgomea wiki nzima na sasa imekubali.

"Usiandike, mwanangu," mzee akamwambia, na sauti ilikuwa ya kuomba. "Niache hivyo hivyo. Nilimkosea."

"Siwezi kuandika bila kumsikia mwenyewe," mtafiti akasema.

Mkasi alikuwa ameshapiga. Akaiweka simu juu ya meza ya kukatia, katikati ya suruali za harusi, akafungua spika. Ikaita mara mbili.

"Dada!" ikasema sauti inayojulikana nchi nzima. "Vipi, ameshaondoka? Alikubali? Mzee ulimtoa kweli? Maana yule binti ni mdadisi, asije akamwona."

Mtafiti akashika tama. Mkasi aliyaacha maneno yale yakae hewani kidogo yasikike vizuri. Lakini mzee alikuwa ameshasogea mezani, ameinama na kuiweka midomo karibu kabisa na simu, kama wanavyofanya watu wa umri wake.

"Nimetoka, mwanangu," akasema. "Usiwe na wasiwasi."



"Baba?" simu ikauliza.

"Nimetoka. Ila kabla sijatoka nilitaka kukwambia neno, maana hatujaongea siku nyingi. Lile kofi, mwanangu. Nisamehe. Sikupaswa, tena mbele za watu."

"Kofi gani, Baba?"

"La kwaya."

"Kwaya gani?"

Mzee akamtazama binti yake, kisha akairudia simu. Akaeleza. Alieleza kurasa zilizochanwa, watu ishirini na wanne, viwiko, mama aliyeangukia kioo, na mtoto aliyetoka bila kulia. Alieleza kwa mpangilio kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi peke yake. Alipomaliza, nguli akacheka kidogo, kicheko cha kawaida safari hii, cha Kiraka.

"Baba, mimi sikumbuki kabisa kitu kama hicho. Wewe hujawahi kunipiga! Ningekumbuka."

"Hukumbuki?"

"Hata kidogo."

Mzee aliweka viganja viwili juu ya meza. "Sasa uliniua kwa nini?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mwandishi wa tamthilia kumi na saba alikosa mazungumzo. Alianza, akaacha, akaanza. "Yule mtangazaji aliniuliza. Kabla yangu alikuwa amemhoji mshairi mmoja yatima, studio nzima imelia. Mimi nilikuwa na nini, Baba? Maziwa kila asubuhi na baba anayeshona suruali. Ikanitoka tu. Halafu ikapendeza, sikujua pa kuishia. Nilijua huna neno. Hukuwahi kulalamika."

"Ikakutoka tu," mzee akasema.

Mkasi alitaka kuidaka simu na kuyasema yote aliyoyaweka miaka ishirini na sita, na alikuwa nayo mengi, yamepangwa. Lakini sura ya baba yake ilimzuia. Alidhani mzee atalia. Mzee alivuta stuli, akakaa, na kwa muda akawa anaangalia mikono yake kana kwamba ndiyo kwanza amerudishiwa na mtu aliyeiazima. Hakuwa na huzuni. Alikuwa amekasirika. Mkasi hakuwahi kumwona baba yake na hasira, na ilimpendeza kuliko suti.

"Mwanangu," mzee akamwambia mtafiti, "ile kalamu yako ina wino?"

"Ina wino, mzee."

"Baba, subiri," simu ikasema. "Baba, tafadhali. Herufi zimeshachongwa! Tunaweza kukaa tukaongea kifamilia, nitakuja mwenyewe, hata kesho…"

"Njoo," mzee akaijibu bila kuigeukia. "Kesho nipo." Akamngojea mtafiti mpaka alipofungua ukurasa safi. "Andika: baba yake yuko hai. Ni fundi suruali, hanywi, na haya madaftari ni yake. Andika kwamba kwa anayetaka kuhakikisha, duka linafunguliwa saa mbili na kufungwa saa kumi na moja jioni. Jumapili hatufungui."

Mtafiti akaandika, akauliza kama Jumamosi wanafungua siku nzima.